Reading Room ya vHMML: kusoma miswada ya Timbuktu bure, na kwa nini masharti yake ni ya haki

Anayetaka kusoma miswada ya Timbuktu, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, bila kufunga safari ya Mali aanzie Reading Room ya vHMML, maktaba ya kidijitali ya Hill Museum & Manuscript Library iliyoko Collegeville, Minnesota, Marekani. Orodha ya miswada iko wazi kwa kila mtu, ila picha za kurasa utaziona ukishajisajili kwa barua pepe na kukubali masharti. Hakuna malipo.

Ukishaingia, usitafute kwanza kwa jina la kitabu. Majina mengi ya Kiarabu yameandikwa kwa herufi za Kilatini zenye vistari na vinukta vya kitaalamu, na tahajia ikipishana kidogo unaweza kukosa kitabu ambacho kimo. Chagua nchi kwanza, yaani Mali, halafu ushuke hadi maktaba. Ukipata unachokitaka, nakili namba yake papo hapo. Zinazoanza na SAV BMH, kwa mfano, zimetoka SAVAMA-DCI, jumuiya ya maktaba binafsi za Timbuktu, na BMH ni maktaba ya ukoo wa Mamma Haidara.

Namba hizo ndizo zinazotufanya tuipe huduma hii alama za juu, kwa sababu mswada haukupotezewa jina la ukoo ulioutunza. Abdel Kader Haidara, wa ukoo huo wa Mamma Haidara, alizunguka miaka mingi akikusanya miswada kwa niaba ya Taasisi ya Ahmed Baba, kituo cha serikali cha miswada mjini Timbuktu, akajenga uaminifu na koo zenye vitabu. Waasi na wapiganaji wa kijihadi walipouteka mji wa Timbuktu Aprili 2012, uaminifu huo ndio uliofanya kazi. Yeye na wakutubi wenzake walinunua masanduku ya bati, kama matranka ya wanafunzi wa bweni, na yalipoadimika sokoni mengine yakaundwa kwa mapipa ya mafuta. Walipakia usiku, wakayasambaza kwa mikokoteni ya punda kwenye nyumba za jamaa na marafiki, kisha yakasafirishwa kwa magari na kwa mitumbwi mikubwa ya mto Niger kuelekea Bamako. Pale Taasisi ya Ahmed Baba, mtumishi mzee Abba Alhadi alitoa miswada ndani ya magunia ya mtama na mchele. Kila aliyelaza sanduku kwake alijua kuwa jirani mmoja akisema, wote wamekwisha.

Januari 2013 wapiganaji walichoma miswada ipatayo 4,000 ya Taasisi kabla ya kukimbia. Mingi zaidi ilikuwa imeshaondoka. SAVAMA huhesabu zaidi ya 350,000 iliyookolewa, lakini hapo karatasi moja inaweza kuhesabiwa kuwa mswada sawa na kitabu kizima, kwa hiyo usiingie ukitarajia vitabu 350,000.

Bamako nako kulikuwa na hatari yake. Karatasi iliyozoea ukavu wa jangwa, ikifungiwa ndani ya bati kwenye mji wenye masika, huvuta unyevu na kuota kuvu. Ndiyo sababu kazi ya kupiga picha, iliyoanza 2013 kwa ushirikiano na HMML, ilikwenda pamoja na kusafisha kurasa na kuzihifadhi kwenye makasha mapya.

Kwenye usomaji, mambo mawili huwakwaza watu. Kwanza, miswada mingi haikushonwa. Ni karatasi huru ndani ya jalada la ngozi, na zinaweza kuwa zimechanganyika. Angalia neno lililoandikwa chini ya ukurasa, pembeni: linapaswa kuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipolingana, kuna karatasi iliyohama au iliyopotea. Pili, katika mwandiko wa Kimaghribi na jamaa zake, fa ina nukta moja chini na qaf ina nukta moja juu. Aliyesoma chuoni Unguja au Lamu atasoma "qala" kama "fala" mpaka jicho lizoee.

Kasoro zipo. Maelezo ni ya Kiingereza, baadhi ya kumbukumbu ni fupi mno, na picha ni nzito: kwa bando dogo, fungua ukurasa mmoja mmoja, na tumia kompyuta badala ya simu ukitaka kuvuta picha usome maandishi ya pambizoni. Kuchapisha picha kunahitaji ruhusa, na wengi hulalamikia hilo. Sisi tunaliunga mkono. Koo hizi zilitoa picha zisomwe. Miswada bado ni mali yao, nao ndio waliohatarisha maisha kwa ajili yake.

Kwa miswada ya pwani yetu, tafuta mradi EAP466 wa British Library, wenye picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Huko mwandiko hautakusumbua sana, ila upangaji wa vHMML bado tunauona bora.