Santuri za SBB kutoka Poland: anzia Pamięć, lakini kagua upande wa B

Ukitaka kuanza na SBB, bendi ya roki ya Poland, usikimbilie santuri yao ya kwanza ya 1974. Ilirekodiwa jukwaani, klabu ya Stodoła, Warsaw, na ni moto mtupu. Sikio geni litachoka mapema. Anza na Pamięć ya 1976. Wanamuziki ni walewale watatu, Józef Skrzek (besi, vinanda, sauti), Apostolis Anthimos (gitaa) na Jerzy Piotrowski (ngoma), ila hapa wanapeana nafasi.

Upande wa A una nyimbo mbili za dakika kama 10 kila mmoja. Upande wa B una mmoja tu, karibu dakika 20, na shida iko huko. Muda mrefu hivyo hubana mifereji, hivyo sauti hurekodiwa ikiwa ndogo na kila punje ya vumbi husikika, hasa vinanda vikitulia. Sindano ikikaribia lebo, mfereji hupita polepole zaidi, na matoazi huanza kukwaruza. Muuzaji akikuandikia "VG+" (yaani hali nzuri sana, mikwaruzo michache), muulize kama ameisikiliza au ameitazama tu.

Nakala yangu ya kwanza tundu la katikati lilikuwa limekaa upande. Utajua kwa kutazama mkono wa sindano: ukiyumba kushoto na kulia kila mzunguko, noti ndefu za kinanda zitapepesuka. Hilo halina dawa, rudisha.

Uchafu unatibika. Changanya maji ya betri (yale yasiyo na asidi, tafadhali) sehemu 4 kwa isopropili (aina ya spiriti) sehemu 1, tone moja la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usilowanishe lebo, suuza kwa maji hayohayo matupu, kisha acha ikauke yenyewe. Uzito wa sindano weka ule wa mtengenezaji. Kwangu ni gramu 2. Ukiupunguza kwa huruma, sindano hurukaruka na kuharibu zaidi.

Ze słowem biegnę do ciebie (1977) ina wimbo mmoja kila upande, kwa hiyo taabu ni mara mbili. Hiyo nunua CD. Memento z banalnym tryptykiem ilitoka 1981, bendi ikiwa imeshavunjika, na haipitwi na nyingi.

Muziki wa Pamięć nyota 5. Nakala niliyobaki nayo, 4.