Nimepaka bati rangi nyeupe, huu ni msimu wa pili wa kaskazi, nawaletea mrejesho

Wanaokaa Dar kwenye nyumba ya bati wanaijua ile saa nane mchana ya mwezi wa kwanza. Bati linalia ka, ka, ka juu ya siling bodi kama kuna mtu anarusha kokoto, feni inazunguka lakini upepo unaokupiga ni wa moto, watoto wanalia vipele vya joto. Kwetu Mbagala ilikuwa hivyo miaka yote. Mama yangu ana presha, joto likianza tu chumbani halaliki, anatoa mkeka anajilaza barazani mpaka saa saba usiku na mbu wote wale, na mimi kitu hicho kilikuwa kinaniuma sana maana ile nyumba kaijenga mwenyewe kwa kukaanga mihogo, halafu leo hawezi kulala ndani yake!

Kabla ya rangi nilishapoteza hela. Duka moja Kariakoo waliniuzia ile feni ya kuweka maji na barafu, wakaniambia ni sawasawa na AC ila haili umeme. Wiki haijaisha shuka zinanata, ukuta una unyevu, jasho halikauki mwilini. Nilikuja kuelewa baadae kwamba ile mashine inapooza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, sasa hewa yetu ya pwani kipindi cha joto imeshabeba unyevu wa kutosha kutoka baharini, huo mwingine itauweka wapi. Nikampa dada yangu Dodoma, kule hewa kavu, anaisifia mpaka kesho. Kwa hiyo sio mbovu, ila muuzaji anajua kabisa unaenda kuitumia Mbagala alitakiwa akuambie. Ukikaa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hela yako itunze.

AC pia niliipigia hesabu. Ya BTU 12,000 inakula kama kilowati moja, masaa nane ya usiku ni uniti 8 hivi, feni ya dari ya wati 70 masaa hayo hayo haifiki hata uniti moja. LUKU yetu, huu umeme wa kulipia kabla, isingeweza. Halafu joto la ndani inalitoa nje kwa jirani, na kwetu nyumba zimebanana, dirisha lake lipo hatua mbili. Na AC nyingi zilizopo zina gesi ya R410A, hiyo ikivuja kilo moja inaipasha dunia sawa na hewa ukaa zaidi ya kilo 2,000. Nikaona hapana.

Ndo fundi rangi mmoja wa mtaani akaniambia dada anza na bati, joto lako linatoka juu. Na kweli, bati linang'aa unadhani linarudisha jua, lakini likishashika moto haliuachii kirahisi kwenda angani, linakumwagia wewe huko chini. Nyeupe inarudisha jua na ile kidogo inayoingia inaiachia haraka. Haya mabati ya maruni na bluu ya kuiva watu wanayoyapenda siku hizi ni mazuri kwa macho ila ndo yanakunywa jua zaidi.

Kazi tulifanya mwezi wa kumi mwanzoni kabla vuli haijachanganya. Kutu ilisuguliwa kwa brashi ya waya, bati likaoshwa kwa sabuni likaachwa likauke siku nzima, misumari iliyolegea ikabadilishwa, praima (rangi ya chini ya kushikilia) penye kutu, ndo ikaja rangi ya maji ya nje ya akriliki, nyeupe pee, mikono miwili kwa rola. Ndoo mbili za lita 20 zilikuwa 310,000, ufundi 130,000, praima na vikorokoro vingine 45,000, jumla 485,000. Fundi akitaka kuruka hatua ya kusugua kutu mkatalie, itabanduka.

Matokeo sasa. Nina kipimajoto cha ukutani chumbani kwa mama, saa nane mchana kilikuwa kinagonga 37, sasa hivi kinacheza 33 au 34 na nje ni 32, 33. Kwenye karatasi ni kidogo, mwilini ni kingi. Kikubwa zaidi ni usiku, zamani saa mbili ukipandisha mkono ukagusa siling bodi ni kama pasi uliyoizima muda si mrefu, sasa hivi naigusa ni ya kawaida. Msitegemee baridi lakini, feni bado tunawasha, ila sasa inatoa upepo kweli.

Kasoro zipo. Vumbi na moshi vinaishika, mwezi wa nane ilishakuwa kijivu, lazima kijana apande aioshe kabla joto halijarudi. Maji ya mvua tunayokinga tuliyaacha yapite mvua za mwanzo, na hatunywi, ni ya kufulia tu. Na rangi haisaidii dirisha la magharibi, lile tumelitundikia mikeka chakavu kwa NJE, sio ndani, jua likishapita kioo limeshaingia.

Kama hiyo laki nne na ushee huna, paka chokaa. Mimi nilijaribu kwenye jiko la uani, inapooza vizuri tu ila mvua ya kwanza kubwa ilitiririka yote ukutani, kwa hiyo hesabu kila mwaka unarudia.

Naipa nne kati ya tano, moja nimetoa kwa ajili ya kuosha osha. Mama mkeka wake ameshaurudisha uvunguni. Barazani bado anakaa, ila ni kupiga soga na majirani, saa nne anaaga anaingia chumbani kwake kulala.