"Nyuzi ni nyuzi tu": besi ndefu, besi fupi na yaliyonikuta

Msinunue besi fupi, yaani gitaa la besi lenye nyuzi fupi. Nimeanza na hukumu kabisa, maana najijua, nikifika katikati nitalegea.

Napiga besi kanisani, na Jumamosi kwenye harusi hapa Dar. Gitaa langu la miaka yote ni la inchi 34, yaani urefu wa uzi kutoka kwenye nati, kile kijiti cha juu shingoni, mpaka kwenye briji, kule chini nyuzi zinakoshikiliwa. Bega likaanza kunidai, kwa hiyo mwaka jana, nadhani kabla ya Pasaka, nikanunua la mtumba la inchi 30. Jepesi, unalivaa unasahau. Ila nyuzi zake zilikuwa zimechoka, nikaenda Kariakoo kutafuta mpya.

Hasira yangu yote iko hapo dukani. Kijana yuko kwenye simu, sikio moja limezibwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, naomba nyuzi za besi fupi." Hata macho hakuinua. "Mzee, nyuzi ni nyuzi tu. Ikizidi tunakata." Nikamweleza kwamba uzi wa besi ndefu ukiuvalisha kwenye fupi, sehemu nene inafika mpaka kwenye kigingi cha kukazia uzi na haizunguki vizuri. Akamgeukia mwenzake, akacheka: "Huyu mzee anapiga au anasoma tu mtandaoni?"

Nilikuwa napiga besi yeye hajaanza kutambaa! Na bado nikalipa. Mpaka leo sijui kwa nini nililipa. Akachukua koleo, akakata uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiwa umenyooka vile vile. Kwa! Wapiga besi wenzangu hapo mmeshika vichwa. Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine kwa nje. Ukikata kabla ya kuukunja, ule wa nje unaweza kuachia na kuteleza, na uzi ukafa siku hiyo hiyo. Unaukunja kona kwanza, ndipo unakata. Kazi ya sekunde mbili, na kijana anauza vyombo vya muziki!

Jumapili uzi wa E ukawa unalia kama ndoo iliyopasuka. Hilo ningelivumilia. Lakini kwa kiburi nilikuwa nimebeba magitaa yote mawili: nyimbo za taratibu nikapiga ndefu, wakati wa sadaka nikabadilisha. Pambio likapamba moto, tukaingia sebene, nikaruka kwenda freti ya tano, vile vijiti vya chuma vya shingoni, bila kuangalia. Ikalia noti ya jirani, nusu toni juu. Nikaruka tena, nusu juu tena. Mwalimu wa kwaya akageuza shingo polepole, kama mama aliyesikia sahani ikivunjika jikoni. Mpiga drams alikuwa amejificha nyuma ya sahani zake anacheka, mpumbavu yule.

Usiku nikatoa futi, nikapima. Kwenye ndefu, kutoka nati mpaka freti ya tano ni sentimita 21 na ushee. Kwenye fupi ni 19. Sentimita mbili na nusu nzima! Mkono uliozoea ndefu ukitua kwenye fupi unakuwa umeshaivuka freti ya tano, unabonyeza ya sita. Cha ajabu, ukitoka fupi kwenda ndefu unasamehewa: unatua mbali kidogo nyuma ya freti, uzi unakwaruza, lakini noti ni ile ile. Mimi nikaenda kuchagua upande usiosamehe, mbele ya kanisa zima.

Lile fupi nililiweka juu ya kabati mwezi au zaidi. Halafu shemeji yangu akaniletea kutoka Nairobi nyuzi za fupi hasa, nikazifunga mwenyewe.

Jamani. Sauti imejaa, nene, ya mviringo, ile inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Nyuzi ni laini, kwa sababu kwa unene ule ule na noti ile ile mvuto unapungua kama sehemu moja kwa tano. Ukipiga kwa nguvu ulizozoea zinagonga freti, kwa hiyo nimejifunza kugusa. Nimeshapiga harusi nzima, muda wa saa nne, bega kimya. Basi, nunueni. Ila msibadilishe katikati ya ibada, na mkiishika baada ya ndefu, tazameni mkono kwa nyimbo mbili tatu za kwanza. Au msinunue, kama mtalazimika kwenda kwenye duka lile.

Juzi nilikwenda kumdai hela yangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani, makali. Akaniangalia, safari hii aliinua macho: "Mzee, zile nyuzi vipi?" Nikasema ziko poa. Nikanunua waya wa jeki wa mita sita, maana Kariakoo nzima nilikuta kwake tu, nikaondoka.