TP-Link CPE510 kwa nyumba mbili ndani ya uzio mmoja

Kama unataka kufikisha intaneti nyumba ya nyuma, dukani au kwenye banda la kuku bila kuchimba mtaro wa waya, CPE510, redio ya kufungwa nje inayopeleka intaneti hewani toka jengo moja hadi jingine, inastahili hela yake. Huuzwa moja moja, kwa hiyo nunua mbili, moja kila upande. Inatumia masafa ya GHz 5, antena yake ya dBi 13 (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja) imo ndani, na kwenye boksi utakuta adapta ya kuipa umeme kupitia waya wa mtandao (PoE). Lalamiko kubwa la wanaoitumia ni kwamba mtandao unakatika-katika. Mara nyingi redio yenyewe ni nzima, kilichokosewa ni ufungaji.

Kabla ya kupanda ngazi, kaa na kompyuta nyumba ya nyuma ufungue ping mbili kwa pamoja (amri ya kupima kama kifaa kinajibu): moja kwenda CPE iliyo upande wa ruta, nyingine kwenda 8.8.8.8, seva ya Google kwenye intaneti. Ya kwanza ikitulia na ya pili ikapotea, daraja, yaani kiungo cha hewani kati ya CPE mbili, halina kosa. Angalia ruta, kisha mpigie mtoa huduma wako. Zikipotea zote, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kila CPE utazame imewaka kwa muda gani. Muda ukiwa umeanza upya, kifaa kinazima na kuwaka chenyewe. Hilo ni tatizo la umeme, wala usianze kuhangaika na antena.

Hapo shuku waya kwanza. Mlango wa CPE510 ni wa Mbps 100: data inapita pini 1, 2, 3 na 6, umeme unapita 4, 5, 7 na 8. Ndiyo maana kichwa cha RJ45 (plagi ya waya wa mtandao) kilichobanwa vibaya, au waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaweza kupitisha data vizuri huku redio ikikosa umeme wa kutosha. Kata kichwa, menya waya utazame: ukikuta rangi ya kijani au weusi, maji yameshaingia. Weka waya wa shaba tupu, wa kutumika nje, na uuache uning'inie kidogo chini ya kifaa kabla haujapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Kwenye adapta, tundu la PoE ni la CPE na tundu la LAN ni la ruta. Ukiyageuza unapeleka umeme kwenye ruta, na unaweza kuiunguza.

Kama muda haukuanza upya, shida iko hewani au kwenye mipangilio. Anza na chaneli. Zile za 52 hadi 144 zinatumiwa pamoja na rada, na pale kanuni ya kuipisha rada inapofuatwa, redio lazima isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Ikisikia rada inahama, na chaneli ile haitumiki tena kwa dakika 30. Ukiiachia ichague yenyewe, daraja linaweza kupotea ghafla na usijue kwa nini. Chagua chaneli moja isiyo ya rada, inayoruhusiwa nje ya nyumba katika nchi yako, na upana wa MHz 20. MHz 40 inaongeza kasi lakini inaokota makelele ya majirani.

Nguvu ya kurusha nayo inawaponza wengi. Kwa mita 50 zisizo na kizuizi, ukirusha dBm 20, upande wa pili unapokea takriban -35 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba hasi inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu): ni kama mtu anayekupigia kelele sikioni. Shusha hadi dBm 10, upate -45 hivi. Kati ya -45 na -65 ni pazuri. Ukiwa chini ya -75, tegemea kukatika, hasa kama kuna mwembe katikati, maana majani yaliyolowa yanameza GHz 5. Kwa mita 100, katikati ya njia acha nafasi tupu ya mita 1.2 hivi kila upande wa mstari unaounganisha CPE mbili; hata ukingo wa paa la bati usiingie humo.

Kwenye mipangilio, CPE zote mbili hutoka kiwandani na anwani 192.168.0.254, hivyo zitagongana. Zipe anwani tofauti ndani ya mtandao wa ruta yako, nje ya zile ambazo ruta inagawa. Washa WDS (hali inayofanya pande mbili ziwe kama mtandao mmoja) pande zote mbili, la sivyo baadhi ya vifaa vya nyumba ya nyuma vinaweza kukosa anwani. Ukiweka ruta ya pili kule, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani), uibadilishe anwani, na uichomeke kwa tundu la LAN.

Kama kifurushi chako kinazidi Mbps 100, hii haikufai. CPE710 ina mlango wa gigabiti na antena ya dBi 23, ila mwali wa mawimbi yake ni mwembamba, na kuilenga kunahitaji mtu mmoja juu ya ngazi na mwingine kwenye skrini akimsomea dBm.