Meza ya gemu Njiro: risasi zangu ishirini zilivyoliwa

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya chai ya tangawizi.

Kuna mgahawa upande wa Njiro hapa Arusha, Jumamosi jioni wanaweka meza ya gemu za kuigiza wahusika. Unalipa elfu kumi na tano, chai na sambusa humo humo, unapewa karatasi ya mhusika na madadu, kijana mmoja anaendesha simulizi. Wanacheza Call of Cthulhu toleo la saba, ile ya wapelelezi na madubwana. Mambo ya kuunda mhusika na mengineyo kasomeni wenyewe, mimi nimekuja na bunduki tu.

Siku yenyewe ni juzi kati hapa, mvua ilikuwa inanyesha, nimetoka Sakina kwa hiace nimebanwa mlangoni lakini nina furaha zangu. Simulizi ilikuwa ya miaka ya 1920, stesheni ya Moshi, usiku, treni ya kutoka Tanga imeshaingia. Mhusika wangu alikuwa askari wa zamani wa vita vya kwanza, ana Thompson, bunduki ya rashasha, aliyoachiwa na mwindaji wa Kimarekani aliyepotea. (Huyo mwindaji aliipitishaje forodhani sijui, tusiulizane.) Nyuma ya mabehewa wakatokea watu watatu wenye majoho. Kijana akawachora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba mita moja: wa kwanza hapa, wa pili mita mbili pembeni yake, wa tatu mita tatu tena kutoka kwa wa pili. Zamu yangu. Magazini ina risasi 20. Nikasema nawamiminia wote watatu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pana ugomvi wote.

Ujuzi wangu wa silaha ile ulikuwa 45, yaani madadu yakitoa 45 au chini yake, nimepiga. Kitabu kinasema ukifyatua mfululizo, unagawa ujuzi kwa kumi, desimali unatupa, unapata risasi za mkupuo mmoja. Hata uwe mbumbumbu namna gani, mkupuo haupungui risasi tatu. Mimi nilipata nne. Kila unayemlenga ana mrusho wake wa dadu. Wa kwanza unarusha kawaida, wa pili unaongezewa dadu moja la adhabu, yaani la kukuharibia mrusho, wa tatu mawili. Angekuwepo wa nne, adhabu ingebaki palepale mbili ila ugumu ungepanda ngazi. Na mtutu ukihama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kila mita inakula risasi moja, inakwenda na maji. Jumlisha: nne, mbili zimepotea njiani, nne, tatu zimepotea njiani, nne. Kumi na saba. Kwenye magazini zinabaki tatu. Ukifanikiwa, nusu ya mkupuo ndiyo inayompata mtu. Ukifanikiwa kwa kiwango cha juu kabisa, mkupuo mzima unaingia. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kutwa nashinda kwenye kibanda natoa na kuweka hela za watu. Hesabu ya namna hii naifanya huku namtafutia mteja chenji.

Nikarusha kwa yule wa kwanza. Makumi tatu, mamoja moja: 31. Chini ya 45. Meza ikashangilia, chalii mmoja wa chuo aliyekaa kushoto kwangu akapiga meza mpaka sosa ikaruka. Risasi mbili zimeingia kifuani kwa yule wa joho.

Kijana akanyoosha mkono, akayakusanya madadu yangu. Hakusema samahani. "Hiyo haihesabiki. Unapiga watu watatu, unarusha mara moja kwa wote, na adhabu mbili juu."

Nikamuuliza kwa upole kabisa, jamani mashahidi wapo: "Mdogo wangu, si kila mtu na mrusho wake?"

Akasema hapana, risasi zinatoka kwenye mtutu mmoja, kwa hiyo ni shambulio moja. Nikarusha. Kwa asiyejua, dadu la adhabu ni dadu la makumi la ziada, unarusha yote unachukua lililo baya, na kwenye gemu hii namba kubwa ndiyo mbaya. Makumi yakaja tatu, tano na saba. Nikasomewa sabini na kitu. Wote watatu wamekoswa, na magazini, akaniambia, imekwisha. Ishirini zote! Hata yule mtu wa kwanza niliyekwisha kumtoboa akafufuka.

Nikaanza kumweleza habari ya mita na mikupuo. Akanikatiza, akacheka kidogo kwa pua, akasema mbele za watu: "Dada'angu, hii siyo ludo. Hesabu zikikuzidi waachie wenzio, wewe kunywa chai."

Nilipandwa na mori. Sikujibu. Nilikunywa hiyo chai, na ndiyo ile nyota moja.

Nisimwonee lakini. Mwendesha gemu ana ruhusa ya kubadili sheria, hilo hata kitabu hakimkatazi, na wapo wanaorahisisha mambo ya bunduki ili usiku usiishie kwenye kujumlisha. Ila useme mapema, kabla mtu hajavuta kifyatulio. Na ukitaka kuazima sheria ya gemu nyingine, azima ambayo ipo. Kwenye Dungeons & Dragons ya toleo la tano, mwongozo wa mwendeshaji unakuruhusu umwagie risasi eneo la futi kumi, unatumia risasi kumi, halafu kila aliyemo humo anarusha dadu lake la kukwepa, akifikisha 15 amepona. Kila mtu na lake! Savage Worlds nako unapewa madadu kadiri ya kasi ya silaha, unayagawa kwa unaowalenga unavyopenda, unapunguziwa mbili kwa ajili ya mtikisiko. Hiyo ya mrusho mmoja, ukikosa mmoja umekosa ukoo mzima, aliitoa wapi? Mimi sijaikuta popote.

Tena nimwage na mazuri yake, maana yapo na ni mengi. Sauti yule kijana anayo. Alipoiga filimbi ya treni, mhudumu wa mgahawa aligeuka kutazama nje. Na amejisomea: kuna mwenzetu alitaka tupande treni tukimbilie Arusha, akamjibu papo hapo kwamba reli imeishia Moshi, Arusha haifiki mpaka 1929, kwa hiyo tutafute lori au miguu. Nilipenda sana hapo. Tukatembea usiku kwenye mashamba ya kahawa, anatuelezea harufu ya udongo uliolowa, mimi mtoto wa Kibosho nikasema huyu amefika kweli. Wakati ule nilikuwa nimeshapandisha hadi nyota tatu kichwani. Nikajisemea, kunishushua kanishushua, lakini vijana ndivyo walivyo, mdomo unatangulia.

Halafu likaja daraja.

Kiongozi wa wale wenye majoho alikuwa anatungoja hapo, na mkononi ana Thompson. Magazini imejaa. Sisi tumesimama watatu kwa mstari: daktari, yule chalii wa chuo, na mimi mwishoni. Kijana akatangaza anatufyatulia wote. Mimi nikasogeza kiti, nikaweka kikombe chini. Nikasubiri mrusho mmoja wenye adhabu mbili.

Akarusha kwa daktari. Bila adhabu. Akapata. "Ujuzi wake hamsini, mkupuo wa tano, nusu ni mbili." Kila risasi dadu la pande kumi jumlisha mbili. Daktari akala 17, hali uhai wake wote ulikuwa 11. Akaanguka pale pale. Kisha, bila aibu, akahesabu miraba kwa kidole: "Mita moja, inapotea risasi moja." Akarusha kwa chalii, adhabu moja, akamkosa. Akahesabu tena. Akarusha kwangu, adhabu mbili.

Yaani sheria anaijua! Anaijua mpaka mita. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikamwambia, "Kaka, mbona huyo anarusha mara tatu?" Akajibu bila kuniangalia: "Huyo ni mtaalamu." Mtaalamu wa hamsini, mimi mbumbumbu wa arobaini na tano! Aliyekuwa anacheza daktari ni mama mtu mzima, amekuja na mwanawe kumtoa mawazo ya mitihani, akabaki ameshika karatasi yake anauliza, "Kwa hiyo mimi ndiyo basi?" Ndiyo basi, mama. Elfu kumi na tano yako imeishia darajani. Hapo nyota zote nilizirudisha mfukoni, sifuri, na ile ya chai nikaitoa pia kwa sababu nilikumbuka ilikuwa na sukari nyingi.

Ila kuna kitu kinaniudhi kuliko vyote, na ni haki nikiseme. Ule mrusho wa kwangu, wa tatu, alikosa. Makumi yalikuja mbili, moja na tisa. Angerusha mara moja kwa wote kama alivyonilazimisha mimi, bila adhabu kama alivyomfanyia daktari, ningekuwa maiti. Nimepona kwa sheria ileile niliyonyimwa. Askari wangu yupo hai, amejificha kwenye mgomba, ana magazini tupu, na sehemu ya pili ni Jumamosi ijayo.

Nimeshalipia. Msinitukane. Ile simulizi nataka kuijua mwisho wake, na yule chalii wa chuo amesema atakuja na kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa mfululizo ameshaukunja kona. Kwa hiyo tuseme nyota mbili, zinaweza kupanda, zinaweza kushuka, inategemea kijana atafungua mdomo namna gani. Ukienda, muulize kabla hujakaa: watu watatu, mirusho mingapi? Akikujibu "inategemea", chukua mhusika mwenye panga.

Na wenye mgahawa, kama mnasoma, niliacha amana ya madadu elfu mbili, madadu nimerudisha yote saba mezani, hela sijaona.