Chambo bandia kwa wavuvi wa Tanga: kipi ununue kwanza

Kama hela yako inatosha chambo kimoja tu, nunua kijiko, yaani kile kibati kinachong'aa chenye umbo la kijiko na ndoana. Sisemi kinavua kuliko vyote. Rapala, yule samaki bandia mwenye kidomo, ikipata boti inayoifaa hukiacha mbali. Ubora wa kijiko ni kwamba kinakubaliana na vyombo tulivyonavyo. Ngalawa inayorambaza, yaani inayovuta chambo nyuma yake ikitembea, kutoka Kigombe au Sahare haina mwendo mmoja: upepo ukijaa inakimbia, ukilegea inasuasua. Kijiko kinacheza vizuri kwenye mwendo wa kilomita 6 hadi 9 kwa saa, na chombo kikipunguza kasi kinazama huku kikimetameta. Nguru hupenda kukipiga wakati huohuo.

Chagua chenye urefu wa sentimita 8 hadi 12, kwani ndio ukubwa wa samaki wadogo ambao nguru huwafukuza. Hapa kuna mtego. Vijiko vingi vya Ulaya, hasa vile vya mtumba vilivyochanganywa kwenye kasha moja, vilitengenezwa kwa ajili ya samoni. Samoni hutoka baharini na kupanda mto alikozaliwa ili atage, na akishaingia kwenye maji baridi huacha kula. Chambo hukiuma kwa kuchokozwa tu, ndiyo maana vijiko vyake vimepakwa rangi za machungwa na waridi kali. Nguru wetu ana njaa, hahitaji kuchokozwa. Mpe fedha tupu au fedha yenye mgongo wa buluu. Umbo la kijiko cha samoni halina ubaya, ila ndoana zake mara nyingi ni nyembamba na zimekusudiwa maji ya mto. Zing'oe zote pamoja na pete zake, uweke nene za baharini kabla hujakitia majini. Hesabu gharama hiyo unapopatana bei.

Ukiambiwa kijiko ni cha shaba, kipitishie sumaku ya spika mbovu. Kikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa, na rangi ikichubuka kutu itafuata.

Nafasi ya pili naipa manyoya, ingawa wenye boti za faiba huyadharau. Ni kifungu cha manyoya meupe ya kuku au nyuzi za gunia, kimefungwa kwenye kichwa cha risasi. Hakuna haja ya kununua, labda risasi na ndoana tu. Ukiona ndege wanapiga mbizi na maji yanachemka kwa sehewa, funga matatu au manne kwenye mshipi mmoja upite pembeni ya kundi, usilikate katikati. Udhaifu wake ni nguru, ambaye huyanyofoa kwa pigo moja.

Ya tatu ni rapala. Pwani jina hilo tumeligawa kwa kila samaki bandia mwenye kidomo cha kuzamia, lakini kwa asili ni la Lauri Rapala, Mfini aliyeanza kuchonga chambo chake mwaka 1936. Kwa mwenye injini ningeipandisha ya kwanza. Inataka mwendo wa kilomita 9 hadi 13 kwa saa usiobadilikabadilika, jambo ambalo ngalawa haiwezi kuahidi. Kabla ya kulipa, tazama kama waya umepita mwilini kuanzia puani hadi mkiani. Zile ambazo ndoana zimeshikwa na skrubu fupi kwenye plastiki huachia kwa kolekole wa kwanza. Alama za meno si neno kwenye plastiki ngumu. Kwenye mbao laini ziogope, maji yameshaingia. Ukifika baharini, ivute kando ya chombo: ikikimbilia kushoto, pinda kitundu cha puani kidogo kuelekea kulia, ujaribu tena.

Ngisi wa plastiki ni wa mkondo wa Pemba, huko kina kinapofika mamia ya mita na jodari na nduwaro wanapopita. Huvutwa kasi zaidi, kilomita 11 hadi 17 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu ya petroli kwanza. Popa (chambo cha kurusha kinachorusha maji juu ya bahari) na jigi (chuma kizito cha kuzamisha na kuvutavuta) naziweka mkiani. Zinahitaji fimbo na rili nzuri, na mikono isiyochoka. Anayepeleka wageni kuvua Pangani anaweza kuzirudishia pesa. Anayevua ili auze, bado.

Waya usiuache dukani. Nguru na mzia wana meno ya wembe, na mshipi wa nailoni uliofungwa moja kwa moja kwenye chambo ni zawadi kwao. Sentimita 30 hadi 50 za waya mmoja usioshika kutu zinatosha. Mrefu na mnene mno huua mchezo wa chambo na kumshtua samaki maji yakiwa maangavu. Nyuma ya waya weka kile kipingili kinachozunguka, la sivyo kijiko kitakusokotea mshipi wote. Bora kijiko kimoja chenye waya kuliko rapala mbili bila waya.

Kuhusu rangi, wauzaji husema mengi kuliko samaki. Maji safi, fedha. Masika, mito ya Pangani na Zigi inapomwaga tope, chukua rangi ya dhahabu na usogee nje hadi mpaka wa maji ya tope na maji safi.

Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi, na Hifadhi ya Silikanti (yule samaki wa kale) ya hapa Tanga nayo ina masharti yake. Waulize watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, kabla ya kurambaza huko. Ukirudi pwani, suuza chambo kwa maji ya kisima, kaushia kivulini, na usikifungie kwenye kopo kikiwa kibichi. Ndoana iliyoanza kutu shingoni itupe.