Shanta ya kuwindia kulungu: ipi ununue, na ndani utie nini

Wengi hununua shanta kwanza, ndipo waanze kufikiri watatia nini ndani. Ukinunua ya lita 60, zitajaa lita 60, maana nafasi tupu inamwasha mtu. Ataongeza sweta la pili, chupa ya tatu, na tochi ya akiba ya tochi ya akiba. Anza upande wa pili. Tandaza sakafuni kila unachodhani utakihitaji porini, kipime kwa mizani ya nyumbani, halafu ndipo utafute cha kukibebea.

Mimi siku ya kwanza kupima nilikuta kilo 14, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kukaa ulingoni, lile jukwaa la juu la kuvizia mnyama, mwendo wa nusu saa kutoka nilipoegesha gari. Niliporudi jioni nikagawa vitu mafungu mawili: nilivyotumia na nisivyotumia. Fungu la kwanza lilikuwa darubini, maji, chakula, koti na tochi. La pili lilikuwa na kilo 9. Humo ndani vya kusamehewa ni vitatu tu: vifaa vya huduma ya kwanza, dira na kiberiti. Hivyo unavibeba ukiomba usivitumie. Vingine vyote nilikuwa nimevitembeza bure.

Madhara ya mzigo mzito katika uwindaji wa kulungu, nasema hawa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, hayaanzii mgongoni, yanaanzia kwenye jasho. Ukifika umelowa, halafu ukae kimya kwa muda wa saa nne kwenye baridi, utatetemeka kabla jua halijapanda, na kulungu aliye upande upepo unakoelekea atakunusa mapema zaidi. Kwa hiyo koti zito halivaliwi njiani. Linafungwa kwenye shanta, na unalivaa ukishafika na mwili umepoa. Hapa ndipo hesabu ya ukubwa inapobadilika: nguo ndizo zinazokula nafasi, maji ndiyo yanayokula uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, haipunguzwi kwa ujanja wowote. Koti la manyoya ya bandia halifiki kilo mbili lakini linameza nusu ya begi dogo.

Na kuna mzigo ambao asubuhi haupo: nyama. Dume aliyekomaa wa kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ukishatoa mifupa yote, anakuachia kilo 20 na zaidi, mbali na kichwa ukitaka kukibeba. Wale kulungu wadogo wa Ulaya, ambao hata mzima mara nyingi hafiki kilo 35, watu hutoa utumbo wakambeba mzima mgongoni. Kulungu mwekundu, aliye mkubwa zaidi, ni habari nyingine kabisa. Huyo ni safari kadhaa au watu kadhaa. Ndiyo maana mimi nasema vitu vichaguliwe kwa safari ya kwenda, na shanta ichaguliwe kwa safari ya kurudi.

Namba moja: lita 30 hadi 45, yenye fremu na rafu

Kama unanunua moja tu, nunua hii. Inatosha koti, maji na vifaa vya siku nzima, na fremu yake, yaani kiunzi kigumu cha mgongoni, inakubali mzigo wa nyama. Rafu ninayoisema ni nafasi kati ya fremu na mfuko wenyewe: unalegeza mikanda ya pembeni, mfuko unaachana na fremu, unaingiza nyama katikati na kukaza tena. Uzuri wake ni kwamba nyama inakaa imeshikana na mgongo, usawa wa mabega, haikuvuti nyuma. Nyama ikiwekwa mwisho kabisa, nje ya vitu vingine vyote, kilo 20 zile zile utaziona 30 kabla hujavuka kijito cha kwanza.

Usidanganyike na ukubwa wa mikanda ya mabegani. Mzigo mzito unabebwa na nyonga. Mkanda wa kiunoni uwe mpana, mgumu kiasi, na ukae juu ya mifupa ya nyonga, wala si tumboni. Urefu wa shanta nao haufuati urefu wako wa kusimama, unafuata urefu wa mgongo. Inamisha kichwa, mtu akupapase ile nundu ya mfupa chini ya shingo, apime kutoka hapo hadi mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga. Nimeona mtu mrefu mwenye mgongo mfupi akinunua saizi kubwa, na mkanda ukamwangukia mapajani.

Dukani usiijaribu ikiwa imejazwa karatasi. Omba watie kitu cha kilo 15 au 20. Legeza mikanda yote, ivae, kaza kiuno kwanza, ndipo mabega, na mwisho ile mikanda midogo ya juu inayovuta mzigo uelekee mgongoni. Tembea, panda ngazi, chuchumaa, inuka. Mabega yakiuma ndani ya dakika kumi humo dukani, porini hayatapona.

Kisha sikiliza kitambaa. Kwaruza kwa ukucha, halafu sugua kwa mkono wa koti lako karibu na sikio. Nailoni nzito inadumu miaka, lakini nyingine zikipata baridi zinakakamaa na kulia kama karatasi kavu. Kitambaa chenye manyoya mafupi ni kimya, ila kinanasa miiba na kunywa maji ya mvua. Nikilazimika kuchagua, kwa mwindaji wa kunyemelea nachukua ukimya. Kwa anayepita vichakani kwenda mbali nachukua uimara.

Zipu ndiyo msaliti mkubwa. Siku moja jike alisimama hatua 40 kutoka kwangu, ananusa majani, na mimi nikageuka polepole kuchukua kitu mfukoni. Kile kichuma cha kuvutia zipu kikagonga chenzake. Kling, mara moja tu. Masikio yalinigeukia kabla kichwa hakijainuka, mguu wa mbele ukapiga chini, kisha nikabaki naangalia mkia mweupe unapotelea mitini. Tangu hapo vichuma vyote nimevikata na kufunga vipande vya kamba. Vifungo vya sumaku ni kimya zaidi, lakini usiweke dira karibu navyo, itakudanganya.

Namba mbili: lita 15 hadi 25

Hii ni ya mtu wa ulingoni ambaye gari haliko mbali na ambaye mnyama akianguka ataburutwa au kubebwa kwa kigari. Ni nyepesi, inatundikwa kwenye tawi, na inamlazimisha mtu aache upuuzi nyumbani. Hakikisha ina mikanda ya nje ya kufungia koti. Haina kazi ya kubeba nyama, na ukiilazimisha itapasuka kwenye mishono ya mabega.

Namba tatu: lita 60 hadi 80

Nzuri sana, kwa wachache. Kama unalala porini siku tatu au nne, hii ndiyo namba moja yako na ya juu iache. Kwa safari ya siku moja inakunasia matawi, na tupu tu zipo zinazopita kilo tatu. Ukiinunua, chagua yenye mikanda ya kuibana iwe nyembamba ikiwa haijajaa.

Namba nne: mkoba wa kiunoni

Kwa kunyemelea muda wa saa mbili tu alfajiri, sawa. Maji kidogo, kisu, risasi, tochi. Ukishavaa koti zito, mkoba huu unakuwa kero. Nafasi ya mwisho kabisa naliachia begi la shule au la kompyuta, lisilo na mkanda wa kiunoni, linaloning'inia matakoni. Lipo nyumbani, ndiyo, na ndiyo sifa yake pekee.

Rangi

Watu wanakesha wakilinganisha michoro ya majani. Kulungu hatofautishi vizuri nyekundu na chungwa, lakini bluu anaiona barabara. Epuka bluu, epuka kinachong'aa, na hapo umemaliza. Mwenye kukudhuru kwa rangi ni mwindaji mwenzako, hasa ukiwa umebeba pembe mgongoni. Funika kichwa na nyama kwa kitambaa cha chungwa kali. Mahali pengi sheria inaitaka rangi hiyo mwilini mwako hata kabla hujapiga chochote, na kwingine hairuhusiwi kutoa mifupa kabla mnyama hajakaguliwa, kwa hiyo soma kanuni za eneo lako kabla hujapanga kurudi na nyama tupu.

Ndani utie nini

Kwa siku moja mimi nalenga kilo 6 au 7 pamoja na maji, silaha mbali. Kisu kimoja kikali kinatosha kuchuna na kutenganisha viungo; msumeno wa mifupa na shoka ni uzito mtupu, maana kiungo ukikijua kinaachia kwa ncha ya kisu. Mifuko ya nyama iwe ya kitambaa kinachopitisha hewa, minne au mitano. Usitie nyama ya moto kwenye plastiki: joto haliondoki, na nyama inaharibika ukiwa bado unajipongeza. Turubai jepesi la kuwekea nyama isishike mchanga, kamba ya mita kama sita, glavu mbili za mpira.

Tochi ni kitu pekee ninachobeba mara mbili. Kulungu wengi hupigwa machweo, na kazi ya kisu inaangukia gizani. Betri ya simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inainyonya. Bendeji ya kukaza kuzuia damu isizikwe chini ya chakula. Ifungwe nje, mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unafika, maana huenda aliyejikata ndiye wewe na mkono uliobaki ni mmoja.

Nyama ikizidi uwezo wako, usinunue shanta kubwa zaidi kwa ajili ya siku hiyo moja. Tundika nusu kivulini, palipo na upepo, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, urudi mara ya pili. Ukifika nyumbani ioshe shanta usiku huo huo kwa maji baridi. Maji ya moto yanaigandisha damu kwenye nyuzi. Sabuni isiwe ya kung'arisha nguo, kwa sababu ung'aavu huo unaangukia kwenye bluu ile ile anayoiona kulungu. Ianike kivulini na mifuko yote wazi.